Je, dhambi humwondolea Mkristo wokovu? Makanisa ya Kwale hayana jibu moja

Mji wa Ukunda, kusini mwa kivuko cha Likoni, ulikua pamoja na hoteli za kitalii za ufuo wa Diani, na makanisa yake mengi yalikua pamoja na wafanyakazi wa hoteli hizo. Waliotoka Taita, Ukambani, Nyanza, Magharibi na Mlima Kenya walikuja na madhehebu yao. Leo Mkatoliki, Mwanglikana, Mmethodisti, Mbaptisti na Mpentekoste huweza kupanga vyumba katika ploti moja na kuteka maji kwenye bomba moja. Iwapo mmoja wao ataanguka katika uzinzi, au ataonekana akitoka kwa mganga usiku, majirani hao watatoa majibu yasiyolingana kuhusu hali ya roho yake.

Swali linalowagawanya ni la kale: je, mtu aliyeokoka aweza kuupoteza wokovu wake kwa sababu ya dhambi?

Katika Kaunti ya Kwale swali hili lina makali ambayo halina katika sehemu nyingi za bara. Wadigo, ambao ndio wenyeji wa ukanda wa pwani kuanzia Likoni hadi Msambweni na Vanga, ni Waislamu kwa wingi wao. Ukristo una nguvu zaidi miongoni mwa wahamiaji, na pia miongoni mwa Waduruma wa upande wa Kinango. Anguko la Mkristo mmoja kati ya majirani wa dini nyingine halifichiki. Aidha, kwa yule aliyetoka katika ukoo wa Kiislamu, kuanguka hakumaanishi kosa la usiku mmoja tu. Huenda kukamaanisha kuiacha imani yenyewe na kurudi alikotoka.

Neno lenyewe

Katika usemi wa kawaida, kuokoka ni kunusurika. Abiria aliyetoka hai katika mashua iliyozama ameokoka, na hakuna anayemuuliza kama ana hakika. Msemaji wa "nimeokoka" ametumia hali ya -me-, hali ya tendo lililokwisha na ambalo matokeo yake yangalipo. Hasemi kwamba anajaribu, wala kwamba anatumaini. Kwa hiyo jirani aliyemsikia akishuhudia Jumapili, kisha akamwona mangweni siku ya Jumatano, ana haki ya kushangaa.

Hata hivyo, aliyeokoka katika mashua moja aweza kupanda nyingine kesho yake. Lugha peke yake haimalizi ubishi. Inachofanya ni kuonyesha ulipo. Biblia za Kiswahili hutumia kuokoka na kuokolewa kwa pamoja, na vitenzi hivyo viwili havina uzito mmoja. Wa kwanza humtazama aliyenusurika na kunyamaza kuhusu aliyemnusuru. Wa pili hauwezi kusemwa bila msikilizaji kujua kwamba yupo mwokozi. Wanaofundisha kwamba wokovu haupotei hutegemea maana ya kitenzi hicho cha pili: usalama uko katika mkono unaoshika, si katika mkono ulioshikwa. Wanaofundisha kwamba wapotea hujibu kwamba aliyeshikwa aweza kujinasua kwa hiari yake.

Vivyo hivyo, kupotea si lazima kuwe ni kukoma kuwa mali ya mtu. Kondoo aliyepotea katika mfano wa Injili ya Luka bado ni wa mchungaji yuleyule, na mwana aliyetapanya mali ugenini hakuacha kuwa mwana. Wahubiri wa pande zote mbili huitumia sura hiyo ya 15, kila mmoja kwa faida yake.

Kila kanisa na mapokeo yake

Kanisa Katoliki ndilo lenye jibu lililoandikwa kwa utaratibu zaidi. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la mwaka 1547 juu ya kuhesabiwa haki, ulikataa fundisho kwamba aliyekwisha kupata neema hawezi kuipoteza. Kwa mafundisho hayo, kila dhambi ya mauti huondoa neema ya utakaso, hata kama imani yenyewe inabaki ndani ya mtu. Dhambi haiwi ya mauti mpaka mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtendaji awe na ufahamu kamili, na aridhie kwa hiari yake. Dhambi nyepesi hujeruhi upendo bila kuuvunja. Kwa aliyepoteza neema, mlango uliowekwa ni sakramenti ya kitubio. Mkatoliki wa kawaida, kwa hiyo, hasemi kwamba "ameokoka" mara moja na kwa siku zote. Swali lake ni kama yumo katika hali ya neema leo.

Waanglikana, ambao wamisionari wao wa Church Missionary Society walianza na Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Rabai mwaka 1846, walirithi Kanuni 39 za Dini zilizokamilishwa Uingereza mwaka 1571. Ya 16 kati yake ni fupi na ya busara. Inakubali kwamba mtu aliyempokea Roho Mtakatifu aweza kuiacha neema na kuanguka, na kwamba kwa neema aweza kuinuka tena. Inawakemea wanaodai kwamba hawawezi tena kutenda dhambi, na kwa pumzi hiyohiyo inawakemea wanaowanyima msamaha waliotubu kweli. Haisemi kama aliyeanguka asipoinuka alikuwa ameokoka kikweli. Kanuni ya 17 inazungumzia uteule wa Mungu, na tangu hapo Waanglikana wamesoma kanuni hizo mbili kwa msisitizo tofauti.

Wamethodisti hawana kigugumizi. Mwasisi wao, John Wesley, aliandika mwaka 1751 kijitabu kizima cha kupinga wazo kwamba watakatifu hawawezi kuanguka moja kwa moja. Fundisho hilo lilifika Pwani pamoja na Thomas Wakefield, aliyeanzisha misheni ya Ribe mwaka 1862. Kwa Mmethodisti, hakika ya wokovu ni ya leo. Si hati ya kesho.

Upande wa pili wako warithi wa John Calvin. Sinodi ya Dordrecht nchini Uholanzi, iliyokutana kati ya mwaka 1618 na 1619, iliamua dhidi ya wafuasi wa Jacobus Arminius kwamba Mungu huwahifadhi wateule wake hadi mwisho. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, ambalo ndilo msingi wa Wapresbiteri wa asili ya Uskoti na kwa njia hiyo wa kanisa la PCEA nchini Kenya, linafundisha hivyo katika sura yake ya 17. Wabaptisti wengi, wakiwamo wa asili ya misheni ya kusini mwa Marekani iliyoingia Kenya mwaka 1956, wanashika msimamo unaokaribiana na huo.

Fundisho hili huharibiwa sana likifika mitaani. Ungamo la Westminster halisemi kwamba aliyeokoka afanye apendavyo. Linakiri wazi kwamba waamini waweza kuanguka katika dhambi nzito, wakadumu humo kwa muda, wakamhuzunisha Roho, wakajiletea hukumu za duniani. Kinachokanushwa ni kwamba wataishia humo. Asiyerudi kamwe, kwa mujibu wa fundisho hilo, alionekana tu kuwa ndani, hakuwa ndani. Kauli kwamba "ukiokoka umeokoka" ni kifupisho kinachoacha nje nusu ya fundisho, na waliokisikia kifupisho pekee wana sababu ya kukiogopa.

Wapentekoste, ambao mikutano yao ya hema na vipaza sauti ndiyo inayosikika zaidi mjini Ukunda, kwa kawaida hufundisha kwamba wokovu waweza kupotea. Hapo ndipo msamiati wa Pwani na bara unapotajirika: fulani amepoa, amerudi nyuma, ameanguka, ameuacha wokovu. Mwishoni mwa mahubiri watu huitwa mbele, na si ajabu mtu yuleyule kuitika mara tatu au nne katika mwaka mmoja. Mpresbiteri akiona hivyo huuliza ni mara ngapi mtu azaliwe. Mpentekoste humjibu kwamba afadhali kurudi mara nne kuliko kutorudi.

Maandiko hayaufungi mjadala

Kila upande una aya zake, na zote zimo katika Biblia moja. Wanaotetea usalama wa mwamini husoma Yohana 10, ambapo Yesu anasema kwamba hakuna wa kuwapokonya kondoo wake mkononi. Warumi 8, inayoorodhesha mambo yasiyoweza kututenga na upendo wa Mungu. Na Wafilipi 1, juu ya kazi njema ambayo aliyeianza ataimaliza. Wanaopinga husoma Yohana 15, juu ya tawi lisilokaa katika mzabibu. Waebrania 6 na 10, zenye maonyo makali kuhusu walioonja vipawa vya mbinguni kisha wakaanguka. Na 2 Petro 2.

Waebrania 6 ndiyo sura iliyowaumiza watu wengi zaidi, na mara nyingi bila sababu. Maonyo yake hayahusu aliyelewa, aliyezini au aliyesema uongo. Yanahusu walioasi, yaani walioijua imani, wakaikana na kuipa kisogo. Waraka wenyewe uliandikiwa watu waliokuwa wakisukumwa na mateso waiache imani yao. Kumsomea sura hiyo msichana wa kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa, kama inavyofanyika, ni kuchukua dawa ya ugonjwa mmoja na kumnywesha mwenye ugonjwa mwingine.

Tofauti hiyo kati ya kuanguka na kuasi ndiyo inayosahaulika zaidi katika mabishano ya kila siku, ingawa karibu madhehebu yote yaliyotajwa yanaitambua kwa namna fulani. Petro alimkana Bwana wake mara tatu katika usiku mmoja na akarejeshwa. Daudi alizini na kuua, akatubu.

Mfalme wa Mombasa aliyeikana imani

Pwani hii ina kisa chake cha uasi, cha tangu karne ya 17. Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani wa Mombasa aliyeuawa kwa njama za Wareno, alichukuliwa angali mtoto hadi Goa, India, akalelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino na kubatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia. Wareno walimrudisha kutawala Mombasa kama mfalme Mkristo. Uhusiano wake na kapteni wa Ngome ya Yesu ukaharibika, na ikasemwa kwamba alionekana akisali kwa desturi ya Kiislamu kaburini kwa babake. Mwezi Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni, kapteni akauawa, naye akatangaza kurejea katika Uislamu. Wakristo wa Kireno na wa Kiafrika walitakiwa kusilimu. Wengi waliokataa waliuawa, na mwaka uliofuata ushahidi kuhusu vifo vyao ulikusanywa Goa kwa nia ya kuwatambua kuwa mashahidi wa imani.

Kisa hiki chaweza kusomwa kwa njia zote mbili. Wafuasi wa Wesley watasema Dom Jerónimo alikuwa na neema akaitupa. Wafuasi wa Calvin watasema hakuwahi kuwa nayo, kwamba maji ya Goa yalimlowesha kichwa pasipo kufika moyoni. Mwislamu wa Mombasa atasema kwamba mtoto aliyeporwa alirudi kwao. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba ubatizo huo ulifanywa chini ya ulezi wa dola iliyomuua babake, na hukumu yoyote juu ya anguko la mtu haina budi kuuliza kwanza alisimama juu ya nini.

Anayerudi kwao

Swali hilo halijafa huko Kwale. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, lakini katiba haimpikii mtu chakula wala haimwozi. Mwongofu kutoka familia ya Kidigo huweza kupoteza mke, shamba la ukoo na nafasi yake katika maziko ya wazee. Ndugu zake wana neno la kitendo chake: ameritadi. Akizidiwa na upweke, akarudi msikitini, kanisa nalo humwona kuwa ameasi. Mtu mmoja anaweza kubeba majina hayo mawili ndani ya miaka michache, bila kuulizwa na yeyote kama alirudi kwa kusadiki au kwa njaa.

Kanisa la Afrika lilikwisha kukutana na watu wa namna hii. Mwaka 250, kwa amri ya Kaisari Decius, raia wa dola ya Roma walitakiwa kuitolea miungu dhabihu, na Wakristo wengi wa Carthage, katika Tunisia ya leo, walitii kwa hofu au wakanunua vyeti vya uongo vya kuonyesha kwamba wametii. Mateso yalipopungua waliomba kurudi. Novatian, kasisi wa Roma, alishika kwamba kanisa halina mamlaka ya kuwapokea. Askofu Cyprian wa Carthage na maaskofu wenzake waliamua mwaka 251 kwamba wapokewe baada ya toba ndefu, kwa kupima uzito wa kosa la kila mmoja. Aliyenunua cheti hakuhukumiwa sawa na aliyekimbilia madhabahu. Cyprian mwenyewe aliuawa kwa imani yake mwaka 258, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba alikuwa mlegevu.

Majirani Waislamu wa Diani na Msambweni hawalioni swali hili kuwa geni. Makhawariji wa karne ya kwanza ya Uislamu walisema mwenye dhambi kubwa ametoka katika dini. Masuni, wakiwamo wafuasi wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yaliyoenea Pwani, walilikataa hilo: mwenye dhambi kubwa ni Mwislamu mwenye makosa, na mambo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Maibadhi, madhehebu ya watawala wa Oman na Zanzibar, wana msimamo wa tatu: hawamtoi mwenye dhambi katika umma wa Waislamu, lakini wanafundisha kwamba asipotubia kabla ya kufa hatatoka Motoni. Mabaraza ya Pwani yamekuwa na mjadala huu kwa karne nyingi, kwa istilahi nyingine.

Meza ya Bwana na kaburi

Mambo huwa mazito pale fundisho linapogeuka kuwa nidhamu. Karibu kila dhehebu humzuia aliyeanguka asishiriki Meza ya Bwana, asiimbe kwaya, asihubiri. Sababu zinazotajwa mara kwa mara ni uzinzi, kuishi na mke bila ndoa ya kanisa, ulevi, kwenda kwa mganga, na kuoa mke wa pili. Sababu hii ya mwisho yaonyesha jinsi mstari wenyewe unavyoweza kusogezwa. Mwaka 1888 mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth, London, uliazimia kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Mwaka 1988 mkutano uleule uliruhusu abatizwe pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, kwa masharti, likiwamo la kutooa tena. Katika miaka hiyo 100 walikufa wazee wengi nje ya mlango.

Aliyezuiwa Meza huamini upesi kwamba amezuiwa mbinguni pia. Hilo si fundisho la kanisa lolote kati ya yaliyotajwa. Ni kosa linalozaliwa na ukimya: mzee wa kanisa husoma jina, hutaja muda wa adhabu, kisha haelezi adhabu hiyo ni ya nini. Wengi hawarudi baada ya muda huo kwisha, kwa sababu hawakujua kwamba ulikuwa na mwisho.

Kisha huja kifo. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 kilikataza ibada yake ya maziko isisomwe kwa asiyebatizwa, aliyetengwa na kanisa, na aliyejiua, na kivuli cha katazo hilo kimebaki hata katika makanisa ambayo hayajawahi kukifungua kitabu hicho. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, huwanyima maziko ya kanisa waasi wa imani waliojulikana na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waumini, lakini si kama walionyesha dalili fulani ya toba kabla ya kufa. Kuhusu waliojiua, Katekisimu ya mwaka 1992 inawataka waumini wasikate tamaa juu ya wokovu wao. Mchungaji anayekataa kumzika mtu hutoa hukumu ambayo wafiwa watairudia kwa miaka, na kwa aliyetoka katika ukoo wa Kiislamu, kukataa huko kwaweza kumwacha bila mtu wa kumsomea neno upande wowote.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937, ulijaribu kulikwepa swali lote. Ndugu wa Uamsho walisisitiza kutembea nuruni, yaani kuungama makosa mara yanapotokea, mbele ya wenzao, na kusamehewa papo hapo. Kwao halikuwa jambo la msingi kama wokovu wa jana umepotea au umebaki. La msingi ni kama mtu yuko msalabani leo. Utaratibu huo uliokoa wengi kutoka unafiki. Uliwaumbua wengine pia, kwa maana siri iliyoungamwa katika kikundi kidogo haikai humo.

Andiko linalonukuliwa zaidi kuhalalisha kutengwa ni 1 Wakorintho 5, ambapo Paulo anaagiza mtu aliyeishi na mke wa babake aondolewe katika ushirika. Sababu anayoitoa Paulo katika sura hiyohiyo ni kwamba roho ya mtu huyo ipate kuokolewa; kutengwa kulikuwa njia ya kumrejesha. Katika waraka wa pili, sura ya 2, anaandika kuhusu mtu aliyekwisha kuadhibiwa, ambaye wafasiri wengi wa kale walimwona kuwa ndiye yuleyule. Hapo anawaambia Wakorintho kwamba adhabu imetosha, na kwamba sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi.